Sikio la Bi Mazoezi

Neno "masikini" lilikuwa haliingii chumbani mwake. Ukilitamka, hata kwa kujisahau, hata kwa kumhurumia mtoto wa mwenzio aliyeanguka akapasuka mdomo, ulitolewa nje ukakae na viatu mpaka zamu iishe, mwanao abaki ndani na yeye. Mwezi wa kwanza nilitolewa mara tatu. Mara ya tatu nilinyanyuka mwenyewe kabla hajaninyooshea kidole, na wenzangu wakacheka.

Sie mama wa watoto wenye mtindio wa ubongo tulimwita Bi Mazoezi. Jina lake la kuzaliwa nalijua, na kwao nakujua, lakini hakupenda kuulizwa na mie sianzi leo. Alikuwa mtaalamu wa viungo. Alifanya kazi hospitali mpaka akastaafu, kisha akafungua chumba nyuma ya nyumba yake pale Tibirinzi, chumba kimoja chenye sakafu ya saruji na dirisha la nondo, na huko ndiko nilikompeleka mwanangu Raya alipokuwa na miaka mitano na hajapata kusimama bila ya kushikwa. Ukiniuliza kama alikuwa mwema, ntakwambia hapana. Ukiniuliza kama alijua kazi yake, ntakwambia sijaona wa pili. Haya mawili nimeyabeba pamoja miaka tisa na bado hayajakaa vizuri kichwani mwangu.

Chombo chake kikubwa kilikuwa dumu. Dumu la manjano la mafuta ya kupikia, tupu, limefungwa kamba kwenye kigoda lisicheze, na vijiti viwili vya mkarafuu alivyovichonga mwenyewe. Alipopiga dumu, mtoto aliyekuwa amekakamaa mikono kifuani alianza kulegea kabla hata hajaguswa. Maelezo yake aliyatoa mara moja tu kwa kila mama, hakurudia:

"Mguu wa mwanao si mkaidi. Haupati habari. Ubongo unatuma, njiani pamekatika. Sasa sie tunaupitishia habari sikioni. Mdundo ukija sawasawa, mguu unajua lini utaitwa, unajiweka tayari. Nyie mkimpigia kelele 'nyanyua, nyanyua', mnamshtua, anakaza. Kwa hiyo fumbeni vinywa, nipige mie."

Siku ya kwanza aliuliza, "Unaitwa nani?"

Nikajibu, "Raya."

"Wewe ndiye Raya?"

Akachuchumaa mbele ya mwanangu akangoja. Raya maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, mdomo unakwenda huku na sauti inakwenda kule, na mie mama yake nilizoea kumsemea kila kitu. Bi Mazoezi akangoja mpaka mie nikaanza kutoka jasho. Mwisho mtoto akatoa: "Aya."

"Vizuri, Raya. Mimi nitapiga hapa, wewe utakanyaga pale. Tukishindwa leo, tutarudia Jumatano."

Alizungumza na watoto hivyo, Kiswahili cha skuli, kama msoma taarifa ya habari wa redioni. Sikupata kumsikia akimdekeza mtoto kwa sauti ya kitoto. Kipemba chake alituwekea sisi mama zao, na kilikuwa kimejaa miba. "Weye, mbona umemvisha mwana soksi kama maiti? Vua!" "Weye wa Shumba, jana hukumnyoosha, usinidanganye, kisigino kinasema." Mama mmoja alikuja na hirizi mpya kafunga mkononi kwa mtoto. Bi Mazoezi akaitazama, akasema, "Haya, nayo ije ifanye kazi," akaisogeza juu kidogo isimkwaze mtoto, akaendelea kupiga. Kingekuwa kicheko kwa mwengine. Yeye hakucheka.

Baba zao aliwachukia jumla jumla. Nadra baba kufika pale, na aliyefika hakurudi. Namkumbuka mmoja, mtu mzima wa heshima, amevaa kanzu imenyooshwa vizuri. Alikaa dakika kumi akimtazama mwanawe anavyotambaa, kisha akauliza, "Sasa Bi, huyu atakuwa kama wengine?"

"Hatakuwa," akasema Bi Mazoezi bila kusimamisha vijiti. "Kwani wewe umekuwa kama wengine? Wengine wanakuja na wana wao kila wiki."

Yule bwana akatoka, akaacha kofia yake juu ya benchi. Ilikaa pale pale, na Bi Mazoezi alikuwa akiwavisha watoto waliofikisha hatua kumi.

Mwaka ule alifariki mtoto mmoja wa kiume, kifua kilimbana, hata wiki hakumaliza. Tulikwenda matangani, tumejifunika kanga, kila mtu anatafuta la kumwambia mama. Bi Mazoezi akamwinamia akamwambia kwa sauti tuliyoisikia sote, "Alikuwa amefika hatua ishirini na mbili." Basi. Hakuongeza hata "Mungu amrehemu". Nilimwona mkatili siku ile, nikamsema njia nzima ya kurudi. Lakini yule mama hadi leo ukikutana naye sokoni atakwambia, mwanangu alifika ishirini na mbili, na maneno ya rambirambi yetu sisi hakumbuki hata moja.

Na mtu huyu, mwenye mdundo kama saa, alikuwa hajui kucheza! Siku ya vunjajungu, kabla ya Ramadhani, tulikwenda sote na watoto kula na kufurahi, mtu akaleta ngoma ya kidumbaki, tukamnyanyua kwa nguvu. Lo! Miguu kama nguzo mbili, mikono haijui iwekwe wapi. Tukacheka mpaka mwengine akakaa chini. Harusini alikuwa hakai. Ngoma ikianza tu anachukua viatu. "Wanakimbiza mdundo," anasema, na anaondoka kabla ya pilau. "Mguu wangu haujui kitu," alituambia siku ile ya vunjajungu, hasira zimempanda. "Sikio langu ndilo linalojua." Jumatano iliyofuata alitupigisha hatua sisi mama, tumefungwa mifuko ya mchanga miguuni, nusu saa. Hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini.

Sikio hilo ndilo lililompa akili ya msewe. Msewe kwetu Pemba ni ngoma ya wanaume. Wanajifunga miguuni vifuko vya majani yaliyosukwa, ndani mbegu kavu, wakikanyaga vinalia. Bi Mazoezi alisuka vidogo, vya kiasi cha mguu wa mtoto. Kila mtoto aliyeanza kusimama alifungwa wake. "Mtoto asikie mguu wake mwenyewe," alisema. "Hajapata kuusikia tokea azaliwe."

Jirani mmoja mzee alikuja kulalamika, eti msewe hafungwi mtoto wa kike, ni kuharibu mambo ya wazee. Raya ndiye aliyekuwa amesimama katikati ya chumba wakati ule, ameshika kamba iliyofungwa ukuta kwa ukuta.

"Kweli, Mzee," akasema Bi Mazoezi. "Basi lete mwanamme mmoja aje akanyage badala yake."

Yule mzee hakurudi.

Sasa nieleze mlio, maana bila ya mlio habari hii haieleweki. Mguu wa mtoto kama Raya haukanyagi mara moja. Kisigino kimevutwa juu, kidole gumba kinaburura sakafuni kwanza, ndipo unyayo unashuka. Msewe wake ulilia mara mbili: *krr, cha.* Krr ya kuburura, cha ya kukanyaga. Bi Mazoezi alifumba macho, akainamisha kichwa upande, akasikiliza hiyo krr tu. Hiyo ndiyo aliyokuwa akiiwinda. Ikifupika kidogo baada ya miezi miwili, aliandika kwenye daftari. Alisema siku krr itakapokwisha, kisigino kitakuwa kimeshuka, na hapo mtoto ametembea.

Asubuhi moja ya Ijumaa alikuja kwetu Vitongoji kwa bodaboda, amekaa upande upande na mkoba mapajani. Hakutaka chai. Alisimama kizingitini kwangu, akaanza kutembea kwa hatua ndogondogo, ndogo kama za mtoto, akihesabu kwa sauti, watu wanamtazama, mpaka lango la skuli iliyo nyuma ya nyumba yetu. Akarudi.

"Mia na sitini," akasema. "Sikwambii mwanao atacheza mpira. Nakwambia hizi mia na sitini anaziweza. Ana miaka miwili, basi. Baada ya hapo kano za nyuma zinafupika, zinakauka, na mie hapo sina langu tena. Nyumbani kila asubuhi umnyooshe, kisha akanyage mia, umeshika kiuno chake. Mara mbili kwa wiki umlete kwangu. Usipofanya, utamsukuma mpaka uzeeni kwako, na ukifa atasukumwa na asiyempenda."

Mama mkwe wangu alikuwa anapeta mchele barazani. Aliposikia hivyo aliweka ungo chini. "Huyu mwanamke hana mwana," akasema, Bi Mazoezi hajafika hata barabarani. Kama alikuwa naye au hakuwa naye, mie sijui, na sikuthubutu kuuliza.

Basi tukafanya. Mwaka wa kwanza nilifanya kweli, wallahi nilifanya. Kumnyoosha ni kukaa umebana goti lake na kukisukuma kisigino chake chini mpaka alie, na ukiachia alipolia, umefanya bure. Mwanao anakutazama machoni analia, na wewe unahesabu mpaka thelathini. Kisha unamsimamisha, unampigia sufuria, anakanyaga. Kwa sababu Vitongoji ni mbali na Tibirinzi, Bi Mazoezi alitaka kila mama wa mbali amrikodie mlio wa msewe kwenye simu na kumtumia, kila asubuhi, hatua mia nzima. Alikuwa anazisikiliza zote baada ya kusali adhuhuri, moja moja, macho amefumba. Majibu yake yalikuwa neno moja au mawili. "Haraka." "Hukumnyoosha." "Unamnyanyua wewe." "Tena." Mwaka mzima sikupata jibu jema hata moja. Raya alifika hatua kumi na nne na kamba, akavishwa ile kofia ya bwana mwenye kanzu, akacheka mpaka akakojoa.

Halafu ikaja masika. Nilikuwa na mimba ya miezi saba ya mdogo wake, miguu imevimba, kuni mbichi, na Raya amepata homa siku tatu. Siku ya nne homa ilishuka lakini mtoto alikuwa mnyonge, na nilipomgusa goti tu alianza kulia. Mama mkwe akapaza sauti barazani: "Mwache mwana! Mnamuua na huyo mwanamke wako!"

Nikamwacha. Nikamkalisha juu ya mkeka penye mlango wa jiko, nikawasha moto nipike uji. Na ndipo nikaiona simu, nikaukumbuka ulimi wa Bi Mazoezi. Nikajiambia, mtoto mgonjwa, mie nina mimba, leo sitaki kutukanwa. Nikauchukua msewe wa Raya kwa mkono wa kushoto, nikabonyeza kurikodi, nikawa nakoroga uji kwa mkono wa kulia na kutikisa kwa wa kushoto. Cha, cha, cha, cha. Moto ulipotaka kuzima niliinama nikapuliza, fuu, kisha nikaendelea. Mpaka mia. Nikatuma.

Jibu lilikuja alasiri. "Vizuri. Leo mdundo umesimama."

Sijui kama ninaweza kukueleza hilo neno lilinifanya nini. Mwaka mzima wa kulia, mie na mwanangu, halafu naambiwa vizuri siku niliyodanganya! Nilikaa na simu mkononi nikaisoma mara ngapi sijui. Nilisema kesho nitafanya kweli. Kesho yake uji ulikuwa jikoni, msewe uko pale pale, na mkono wangu ukaenda wenyewe.

Nisiseme ilikuwa siku moja. Ilikuwa mwaka. Nilijifungua, nikaendelea kutikisa. Karafuu zikaja, tukatoka kwenda kuchuma, nikatikisa kabla ya kutoka. Raya anakaa penye mlango wa jiko kila asubuhi, ananitazama, na wakati mwengine anacheka, maana kwake ilikuwa mchezo: mama anapiga msewe, hakuna anayembana goti, hakuna anayelia. Nilikuwa najiambia, masikini mwanangu, apumzike. Neno lile lile lililokuwa likinitoa nje.

Baada ya kama mwezi wa voisi hizo, Bi Mazoezi aliniita pembeni Tibirinzi. "Naskia nyumbani mambo mazuri," akasema. "Basi usijisumbue na safari. Njoo mara moja kwa mwezi, inatosha."

Nilifurahi, mjinga mie! Niliwaringia wenzangu. Mama wa Shumba, ambaye alipanda gari mbili kuja na mbili kurudi na mwanawe mzito mgongoni, alikuwa mara nyingi anakosa nafasi, nami nilimtazama kwa jicho la aliyefaulu. Alipewa zamu zangu. Nikaona sawa, mwenye shida apewe.

Kila mwezi Bi Mazoezi alipima kisigino cha Raya, akaandika, akasema "Endelea". Kila mwezi niliona kisigino kimepanda kidogo zaidi, nikamwangalia yeye usoni, naye hakuna alichoonyesha. Siku moja hakupima. Alifunga daftari.

"Tutafute kiti," akasema.

"Kiti gani, Bi?"

"Cha magurudumu. Kiti kipi kingine?"

Nilitaka kusema palepale. Lakini chumba kilikuwa kimejaa mama wenzangu, mtoto wa Shumba amesimama katikati bila ya kamba, msewe wake unalia cha moja, safi, na kila mtu anahesabu. Nikahesabu nao. Nikachukua kiti kilipokuja, nikaurudisha msewe, nikatoa shukrani.

Mtoto wa Shumba anatembea. Anapinda upande mmoja, anatupa mkono, lakini anatembea; nimemwona Chake Chake sokoni amebeba mfuko wa ndimu, akanipita. Raya ana miaka kumi na nne. Skuli anakwenda, hesabu anawashinda wenzake, na kila asubuhi ninamsukuma zile mia na sitini. Mvua ikinyesha magurudumu yanazama, namwinua kifuani kama mzigo wa muhogo, yeye amefumba macho kwa aibu kwa sababu wenzake wanaona.

Mwezi uliopita nikasikia Bi Mazoezi macho yamezimika. Presha ya macho, na jamaa zake wanataka kumchukua Unguja. Nikasema, akienda, ntakufa na hili. Nikamvisha Raya buibui jipya, tukakodi gari, tukaenda Tibirinzi.

Nilikuta mlango uko wazi. Alikuwa amekaa kwenye kile kigoda cha dumu, dumu lenyewe limewekwa pembeni, misewe imetundikwa msumarini na vumbi juu yake.

"Hodi, Bi. Shikamoo."

"Marahaba. Naskia miguu miwili na magurudumu manne. La nyuma kushoto linataka mafuta. Nani?"

"Mie, Mama Raya, wa Vitongoji."

Akageuza uso, si kwangu, chini zaidi, kule ilikotoka sauti ya magurudumu. "Raya. Habari za masomo?"

"Nzu-ri," akasema Raya. "Nime-kuwa wa pi-li."

"Wa kwanza ni nani?"

"Mwa-nahamisi."

"Mshinde."

Raya akacheka. Mie nikakaa chini sakafuni.

"Bi, nimekuja kuomba radhi. Zile voisi nilizokuwa nakutumia, za msewe. Zile za mwaka wa pili. Hakuwa Raya. Nilikuwa natikisa kwa mkono wangu, jikoni."

"Najua."

Nilidhani hakunisikia. "Nilikuwa nadanganya, Bi."

"Nshakwambia najua. Tokea ya kwanza. Mguu wa mwanao unaburura ndipo unakanyaga. Krr, cha. Jumapili krr, Jumatatu krr, halafu siku tatu hakuna kitu, ya nne cha, cha, cha, kama mcheza ngoma wa miaka thelathini. Mtoto hapati mguu mpya kwa siku tatu, Mama Raya."

"Lakini ulinijibu vizuri! Uliniandikia mdundo umesimama!"

"Nilikuwa nakupa nafasi ya kuona haya. Nikakupa siku ya pili. Nikakupa mwezi. Hukuona."

Damu ilinipanda. Nilikwenda pale kuomba radhi na nikajikuta nataka kumkaba. "Ungesema, Bi! Ungenitukana! Kwani ulikuwa huwezi kutukana? Watu wote uliwatukana! Ukanambia nije mara moja kwa mwezi, ukaninyang'anya zamu, mtoto akakaza huku unamtazama!"

"Ningekutukana ungelia, ungefanya siku tatu, ungerudi kutikisa. Wa namna yako nimewaona wengi. Mie mmoja, chumba kimoja, wiki ina siku zake. Pale palikuwa na mama anapanda gari nne kwa siku na voisi zake zina krr." Alisema polepole, hana hasira hata kidogo. "Nilichagua mtoto mwenye mama."

Raya alikuwa pale, hatua mbili kutoka kwetu. Alisikia kila neno. Sikuweza kugeuka kumtazama.

"Na yeye?" nikauliza. "Yeye alikukosea nini?"

"Hakukosa kitu. Huyu alikuwa na sikio kuliko wote niliowafundisha. Nilimpigia mara moja, siku ya pili anaujua. Angetembea kabla ya yule wa Shumba." Akapapasa ukutani, akafika kwenye msumari, vidole vikapita juu ya ile misewe mmoja mmoja, akautoa mdogo, akaunyoosha mbele yake hewani. "Wake huu. Chukueni. Kule niendako hauna kazi."

Nikaupokea. Raya akasema kitu, nikakisikia vibaya, akarudia kwa nguvu zaidi: anautaka. Nikapiga magoti mbele ya kiti nimfunge mguuni. Uzi haukufika, mguu ulikuwa umekua. Nikajaribu kwenye kifundo, juu kidogo. Raya akanisukuma bega.

"Si mgu-u," akasema. "Mko-no."

Nikampa mkononi, wa kushoto, ndio mzima. Akaushika kama unavyoshikwa mwiko. Kisha akaanza.

Cha, cha, cha, cha. Safi, hauna krr hata moja, hauna haraka, hauchelewi. Mkono wa kulia, ule uliopinda, akauzungusha juu ya mapaja yake, taratibu, mviringo, mviringo, na nikatambua kuwa anakoroga uji. Bi Mazoezi aliinamisha kichwa upande, akafumba macho yasiyoona, kama alivyokuwa akifanya baada ya adhuhuri. Chumba kizima kilikuwa mlio huo tu.

Halafu mkono wa Raya ukasimama. Akainama mbele kwenye kiti chake kwa shida, akakusanya midomo ambayo haimtii, akapuliza.

"Fuu."

Akajinyoosha kitini akaendelea, cha, cha, cha, pale pale alipoachia.

"Mdundo umesimama," akasema Bi Mazoezi.

Raya akatabasamu. Hakuacha. Mie nilikuwa bado nimepiga magoti mbele yake na ncha za uzi ziko vidoleni mwangu, nahesabu bila ya kutaka, na alikuwa hajafika hata arobaini. Mie nilimfunza mpaka mia.